Alama ya Kidole Mguuni mwa Masanja

Waliomwondoa Mama Holo katika kaya yake ni sungusungu, walinzi wa jadi wa kitongoji chetu, upande wa Maganzo, wakiongozwa na mtemi wao, baada ya kupokea malalamiko ya baba yangu mzazi na kuyasikiliza kwa muda usiotosha kuivisha chungu cha maharage. Naanza na hilo ili msomaji asije akalitafuta huko mbele kama kitu kilichofichwa. Nimefanya kazi ya masjala katika ofisi za serikali mjini Shinyanga tangu ujana wangu hadi kustaafu, na kazi hiyo imenifundisha kwamba jambo lisipotajiwa mtendaji wake mwanzoni, mwishoni huonekana kana kwamba limejitenda lenyewe. Jina la mtemi huyo silitaji katika sura hii. Si kwamba namstahi. Ni kwamba cheo chake ndicho kilichofanya kazi ile, na wenyeji wote wanajua nani alikuwa na cheo hicho mwaka ule. Yu hai. Katika mikutano ya kijiji huwekewa kiti cha mbele.

Nisingeandika lolote kama nisingekwenda kumzika Mama Holo huko Geita, katika mtaa wa wachimbaji ambako mlio wa makarasha yanayosaga mawe ya dhahabu haukunyamaza hata wakati wa sala. Tulikaa chini ya turubai, kwenye viti vya plastiki vilivyoazimwa, vumbi jeupe likitua juu ya viatu vya watu. Kijana mwenye kipaza sauti akasoma wasifu wa marehemu: alizaliwa wapi, aliolewa na nani, alijaliwa watoto wangapi. Kisha akasoma kwa sauti ile ile laini, "Baadaye marehemu alihamia Geita kutafuta maisha." Mbele yangu, kwenye mstari wa wanaume waliokuwa wakipokezana koleo, alisimama mdogo wangu Masanja, mtu mzima mwenye mvi za kwanza, dereva wa lori la pamba, jasho likimtiririka shingoni. Masanja ndiye mtoto ambaye Mama Holo alisemekana kumloga. Alijaza udongo kwenye kaburi lake kwa nguvu kiasi kwamba wenzake walimwambia apumzike, naye akakataa kutoa koleo.

Baada ya chakula nilimwendea Holo, binti yake mkubwa, aliyekuwa akikusanya sahani. Nilimwuliza nani aliandika sentensi ile. Aliziweka sahani chini. "Niliandika mimi, dada Minza. Ulitaka niandike nini? Wajukuu wake wanasoma shule ya hapa. Niandike kwamba bibi yao alifukuzwa kwa uchawi?" Nikamwambia angeandika kwamba alifukuzwa bila kosa. Akacheka kicheko kisicho na furaha, akafuta mikono kwenye kanga. "Na nani atathibitisha?" Tangu siku hiyo sijatulia. Naamka, natembea uani, nafungua redio, nazima redio. Ninaandika kwa sababu swali la Holo lilikuwa la haki na mimi ndiye mwenye jibu: nilikuwapo tangu mwanzo, nililala hospitali na mtoto, nilisimama mbele ya mkutano, na akili zangu ni timamu.

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo. Msichana anayesubiri matokeo ni mtu wa ajabu nyumbani: hana kazi rasmi, kwa hiyo kila kazi ni yake. Masanja alikuwa na umri wa kuanza shule. Mvua zilipokatika tulianza kuona kwamba mtoto ananenepa. Mashavu yalijaa, tumbo likatangulia mbele, mikono ikawa na mikunjo kama ya mtoto mchanga. Katika nchi ya watu wanaotazama mwili wa ng'ombe kabla ya kumwuliza mwenye ng'ombe habari, mtoto mnene ni sifa ya kaya nzima. Wageni walisimama mlangoni wakamsifu mama. "Mama Minza, huyu unamlisha nini? Usije ukawa unamchanganyia pumba!" Mwingine akamwambia baba, "Huyu mpeleke mnadani Jumamosi, hutarudi naye." Baba alicheka, na mara nyingine alimsimamisha Masanja katikati ya uwanja ili wageni wamwone vizuri. Asubuhi mtoto aliamka macho yamefumba kwa uvimbe, yamebaki kama mikato miwili. Tukasema amelala sana. Alikojoa nyuma ya zizi na mkojo ukafanya povu lililokaa juu ya mchanga kama la sabuni. Watoto wenzake wakacheka, sisi tukaona ni mchezo. Nayasema haya bila kumlaumu mtu. Ugonjwa ule ulikuja umevaa sura ya afya, na katika kaya yetu hakuna aliyefundishwa kuutilia shaka unene.

Mama Holo alikuwa jirani yetu, ng'ambo ya uzio wa minyaa. Mjane, mgandishaji maziwa hodari, mtu wa utani mkali, macho yake mekundu daima kwa moshi wa samadi kama yalivyokuwa macho ya wanawake wengi wa kule ambao kuni ziliwaishia zamani. Alasiri moja alileta kibuyu cha maziwa mgando. Mama alikuwa akianua michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, mimi nikiosha masufuria. Masanja alikuwa amekaa juu ya kinu kilicholazwa, miguu ikining'inia. "Mwadila, mume wangu," Mama Holo akamsalimia, kwa maana ndivyo alivyomtania kila siku. "Lini unakuja kutoa mahari? Au unangoja uwe mnene kuliko dume la baba yako?" Akamshika muundi, akaubinya kwa kidole gumba kama mtu anayejaribu papai sokoni. Kisha akaondoa kidole, na utani ukaisha. Pale alipobinya palibaki shimo. Halikurudi. Lilikaa pale, duara, lenye kivuli ndani yake, kama alama ya kidole kwenye udongo wa mfinyanzi.

"Mayu, njoo uone," alimwita mama kwa Kisukuma, na sauti yake ilikuwa imepungua.

Mama aliinuka na ungo mkononi. Alitazama mguu, akamtazama jirani yake, akasema maneno ambayo baadaye yaligharimu kaya ya mtu: "Mama Holo, umemfanya nini mtoto?"

"Sijamfanya kitu. Nimemgusa tu. Huyu mtoto si mnene. Huyu ana maji."

Tulisimama sote watatu tukilitazama shimo lile likijaa polepole, na Masanja akilitazama pia, akifurahi, akitaka kubinywa tena. Alijibinya mwenyewe upande wa pili. Likatokea shimo la pili. Naomba hilo lizingatiwe: shimo la pili lilitengenezwa na kidole cha mtoto mwenyewe, mbele ya macho yangu na ya mama.

Mama Holo ndiye aliyesisitiza hospitali. Baba alitaka kungoja mnada upite; yeye akasimama getini akasema hataondoka mpaka aone baiskeli imetolewa. Tulikwenda mjini, mama na mimi na mtoto, tukalazwa katika wodi ya watoto yenye madirisha marefu yaliyopakwa rangi ya bluu hadi nusu. Chumba kile nakikumbuka kuliko vyumba vingi nilivyoishi baadaye. Vitanda vilikuwa vya chuma, vimepangwa karibu karibu, na chini ya kila kitanda palikuwa na maisha ya mtu: jiko la mafuta ya taa, ndoo, mkeka, mfuko wa unga. Mchana harufu ya dawa ya kuoshea sakafu ilishindana na harufu ya ugali wa muhogo unaosongwa kwenye kibanda cha nyuma. Masanja alikatazwa chumvi. Alikula mlenda usio na chumvi akilia, akinyoosha mkono kuelekea dagaa wa jirani. Jirani huyo alikuwa mama mmoja kutoka Ushetu, mkulima wa tumbaku, mwenye binti aliyevimba kama Masanja. Alimsukuma mama kwa kiwiko siku ya kwanza tu. "Wako kalogwa na nani?" Mama akajibu kwamba daktari bado hajasema. "Daktari! Yeye kila mtu kwake hakulogwa. Analipwa mshahara kusema hivyo." Wodi nzima ilicheka, hata muuguzi aliyekuwa akibadilisha shuka.

Daktari alikuwa mwanamke mwembamba kutoka mikoa ya kusini, asiyejua Kisukuma hata neno moja, na mama yangu Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni. Mkalimani nilikuwa mimi. Alituita kwenye chumba kidogo chenye meza, akachukua mkojo wa Masanja katika kichupa chembamba cha kioo, akaupitisha juu ya moto wa taa ya spiriti. Mkojo uliokuwa wa rangi ya chai hafifu ukaganda juu, ukawa mweupe kama ute wa yai kwenye kikaango. Mama alirudi nyuma hatua. Daktari akaeleza kwamba figo ni chujio. Kwamba chujio zuri hupitisha uchafu na kuzuia chakula cha damu. Kwamba chujio za Masanja zilikuwa zimeachia, chakula cha damu kikawa kinamwagika kwenye mkojo, na damu ikikosa chakula kile haiwezi kuyashika maji yake, kwa hiyo maji hutoka yakajaa usoni, tumboni, miguuni. Hayo nilitafsiri bila shida. Kisha nikamwuliza nani ametoboa chujio.

Alifikiri kabla ya kujibu, na namheshimu kwa kufikiri kule. Alisema mwili una askari wake, wengi, wanaozunguka kwenye damu kulinda dhidi ya magonjwa. Katika watoto wengine, askari hao huchanganyikiwa. Hufanya vurugu ndani ya mwili wanaoulinda, na figo ndizo huumia. Hakuna adui aliyeingia. Walinzi wenyewe ndio tatizo. Nilimgeukia mama, nikatafuta neno la Kisukuma la askari, nikaona halitoshi. Nikamwambia: ni kama sungusungu. Wamesikia mwano, ile sauti ya kuomba msaada, wamepiga filimbi, wametoka na pinde, na badala ya kumfuata mwizi wamemzingira mwenye kaya.

Mama akauliza: "Kwa hiyo wamekosea kaya?"

Nilipomtafsiria daktari alitabasamu kwa mara ya kwanza. "Mwambie ndiyo. Wamekosea kaya. Na dawa nitakayompa ni ya kuwatuliza, wakae chini, waache pinde."

"Na kwa nini wamekosea?" mama akauliza. "Nani aliwapigia mwano?"

"Hilo hatujui," daktari akasema. "Wakati mwingine mafua tu huwaamsha. Lakini chanzo chenyewe hatujui. Mwambie pia kwamba si kosa la mtu yeyote."

Vidonge vilifanya kazi. Kwa muda hakikuonekana kitu, kisha Masanja akaanza kukojoa kana kwamba amefunguliwa bomba, na uvimbe ukashuka siku baada ya siku, mpaka tukaona kile ambacho maji yalikuwa yameficha: mtoto mwembamba, mbavu zikihesabika, magoti makubwa kuliko mapaja. Daktari alituonya mambo matatu kabla ya kuturuhusu. Vidonge visikatishwe ghafla, bali vipunguzwe kama alivyoagiza. Dawa inayotuliza askari huwafanya wasiamke hata kwa wezi wa kweli, kwa hiyo mtoto akipata homa aletwe upesi. Na ugonjwa huu una tabia ya kurudi. Ukirudi, tusishangae, tusitafute mchawi, turudi hospitali. Neno mchawi alilisema mwenyewe. Alikuwa amekaa mkoani kwetu muda wa kutosha.

Tulipofika nyumbani baba alimtazama mtoto kutoka kichwani hadi miguuni. "Niliwapa ndama, mmeniletea mbuzi." Alisema kwa utani, lakini hakumsimamisha tena uwanjani. Kila asubuhi nilimpa Masanja vidonge vyake na uji, nikisimama mbele yake mpaka afungue mdomo nione havipo. Mama Holo alikuja akapiga vigelegele alipoiona miundi imekauka. Alibinya kwa kidole, palepale, ngozi ikarudi. "Sasa mume wangu amekuwa mwanaume," akasema. Huo ulikuwa mwezi mzuri. Kisha baridi ya kipupwe ikaingia, watoto wote wa kitongoji wakapata mafua, kamasi kila mahali, na Masanja naye akakohoa. Siku alipokohoa ndiyo siku Mama Holo alipoleta matobolwa, viazi vya kukaushwa alivyovichemsha na karanga, akamlisha kwa mkono wake kwa sababu mtoto hakuwa na hamu ya kula. Kabla ya juma kuisha, Masanja aliamka macho yamefumba.

Mimi na mama tulijua la kufanya na tulianza kufunga nguo. Lakini alasiri hiyo, nikiwa jikoni, nilimsikia baba akizungumza na mtemi wa sungusungu upande wa pili wa ukuta, karibu na zizi. Walizungumza kama watu wanaojadili mbuzi aliyepotea.

"Nani alimgusa mara ya kwanza?"

"Jirani. Alimbinya, pakabaki shimo. Mama yake aliona."

"Na juzi nani alimlisha?"

"Yeye yule."

Nikasikia mtemi akitema tumbaku. "Baba Minza, unataka nikuambie nini ambacho hujui?"

Namwelewa baba yangu zaidi sasa kuliko nilivyomwelewa siku ile, na kumwelewa hakunifanyi nimwondoe katika orodha ya wahusika. Alikuwa mtu wa mifugo. Ng'ombe akivimba tumbo, alikula nini. Akivunjika mguu, shimo liko wapi. Kwake jambo lisilo na mtendaji lilikuwa jambo ambalo halijachunguzwa. Mtu kama huyo ukimwambia kwamba mwanawe anashambuliwa na ulinzi wake mwenyewe bila sababu inayojulikana, unamwacha amesimama njia panda bila fimbo. Mtemi alimpa fimbo.

Safari yetu ilisimama, na filimbi ikapigwa kesho yake asubuhi. Wanaume walikaa nusu duara kwenye uwanja wa mikutano, pinde zimelazwa magotini. Wanawake nyuma, wamesimama. Mama Holo aliwekwa katikati, juu ya kigoda, peke yake. Aliyeanza kuulizwa ni mama yangu. Je, alimwambia mshitakiwa, "umemfanya nini mtoto"? Mama akasema aliuliza kwa kushtuka. "Uliuliza au hukuuliza?" Akasema aliuliza. Wakamwambia arudi nyuma. Alijaribu kusema kwamba Masanja alijibinya mwenyewe na shimo likatokea lile lile. Katibu wao akasema mtoto hatoi ushahidi. Mmoja wa vijana akataja macho mekundu. Mama Holo akamgeukia. "Njoo upike na samadi kwangu mwezi mmoja, mwanangu, tukulinganishe macho." Watu kadhaa walicheka, na kwa kitambo kidogo nilidhani utani ungemwokoa, maana mkutano unaocheka si rahisi kuhukumu. Mtemi aliinua mkono, kicheko kikakatika.

Nilijipenyeza mbele. Nilikuwa msichana, na wasichana hawakuwa na nafasi pale, lakini nilisema kwa sauti kwamba mimi ndiye niliyelala wodini na kusikia maneno ya daktari, na mtemi, labda kwa kutaka kuonekana mtenda haki, akaniruhusu. Nilieleza chujio. Nilieleza yai kwenye kichupa. Nilieleza askari wa mwili, nikatumia mfano wao wenyewe: kwamba ndani ya Masanja walinzi wamepiga filimbi wakakosea kaya, na kwamba hakuna mtu wa nje aliyeingiza kitu. Walisikiliza. Naapa walisikiliza, baadhi ya wazee walitikisa vichwa kukubali. Kisha mtemi akaniuliza, kwa upole, kama mtu anayemsaidia mtoto hesabu.

"Umesema vizuri, binti. Hao walinzi wa mwilini, nani aliwatuma kwenye kaya isiyo yao?"

Nilisema daktari hajui.

"Daktari hajui."

"Alisema hawajui. Alisema wakati mwingine ni mafua tu."

"Basi yeye hajui," mtemi akasema, akiwageukia watu wake. "Sisi tunajua."

Mara nyingi katika maisha yangu nimeambiwa kwamba ningesema uongo mdogo pale, ningetaja kijidudu fulani kwa jina refu la Kizungu, na Mama Holo angebaki kwake. Sikubali. Daktari alisema hajui kwa sababu hakujua, na hata leo, madaktari ninaowauliza hunieleza mengi zaidi kuhusu askari hao na namna wanavyolegeza chujio, kisha wakifika kwenye kwa nini mtoto huyu na si yule, husimama pale pale aliposimama yeye. Kutojua kwake kulikuwa elimu. Kujua kwao ndiko kulikokuwa ujinga, tena ujinga wenye pinde.

Mama Holo alipewa nafasi ya mwisho. Alisimama, akanyoosha kidole gumba juu ili wote wakione. "Kidole ni changu," akasema. "Shimo si langu." Akakaa.

Hawakumpiga. Hilo nalisema kwa usahihi, kwa kuwa wanaojitetea hulitumia. Walimtenga. Hakuna wa kumpa moto, hakuna wa kuteka maji naye, hakuna wa kumsalimia wala kuitikia salamu yake. Anayekiuka, adhabu ni hiyo hiyo. Holo alirudishwa kutoka mashine ya kusaga na mahindi yake kichwani. Asiyewahi kuona kutengwa hawezi kujua ukimya ule. Mtu anapita njiani na watu aliowapokea watoto wao walipozaliwa wanageuza nyuso kana kwamba ni upepo umepita. Mama yangu alisimama kwenye uzio asubuhi moja, kweupe, akasema kwa sauti iliyofika kaya ya tatu, "Mwangaluka, Mama Holo!" Vijana wawili wakaja kumwonya baba. Siku ile ile Mama Holo alianza kufunga vyombo. "Mayu," alimwambia mama kupitia minyaa, "ukiendelea kunisalimia watakutenga na wewe, na mtoto atakosa wa kumpeleka hospitali. Acha." Aliondoka na watoto wake juu ya lori lililokuwa likienda Geita, ambako watu walikuwa wakimiminika kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu, na hakuna aliyemwuliza mwenzake katoka wapi. Aliwapikia wachimbaji chakula mpaka nguvu zilipomwishia. Huko ndiko "kutafuta maisha." Maisha yake yalikuwa yamepatikana tayari, upande wa Maganzo, yana zizi na kaburi la mumewe.

Sisi tulimrudisha Masanja wodini juma hilo hilo, dawa ikaanza upya, maji yakashuka. Na hapa ndipo jambo linaloninyima usingizi hadi leo: alipopona, kitongoji kizima kikasema, mmeona? Amekwenda, na mtoto amepona. Nilitaka kumshika kila mtu mabega nimwoneshe vidonge. Mwaka ulipokaribia kuisha, mafua yalirudi, na Masanja akavimba tena, uso, tumbo, miguu. Mama Holo alikuwa Geita, safari ya mbali kwa barabara mbovu; hakumgusa, hakumlisha, hakumwona. Nilingoja filimbi ipigwe. Haikupigwa. Baba alitoa baiskeli mwenyewe, akamfunga mtoto nyuma kwa kanga. Nilimwuliza, "Baba, hatuitishi mkutano?" Hakunitazama. "Nyamaza. Mshike mtoto vizuri." Hilo ndilo neno pekee nililowahi kulipata kutoka kwake kuhusu shauri lile, na amelala nalo kaburini. Masanja alivimba tena na tena kwa miaka iliyofuata, kila mara baada ya ugonjwa mdogo, kila mara dawa ikamtuliza, mpaka alipobalehe, ugonjwa ukamwacha kama daktari alivyosema huenda ungemwacha. Kila alipovimba baada ya Mama Holo kuondoka, alikuwa akitoa ushahidi ambao hakuna aliyetaka kuusikiliza.

Nilipotoka mazikoni palikuwa na mchuuzi mwenye spika juu ya pikipiki akinadi mizizi ya "kuongeza kinga ya mwili". Masanja alisimama akasikiliza, akaguna. "Dada, mwambie mimi yangu ilizidi." Tulicheka mpaka tukalazimika kuegemea gari. Kisha akasema, bila kucheka, kwamba kila mara alipofika Geita na lori alikwenda kula kwa Mama Holo, na kila mara yule mama alimbinya muundi kwa kidole gumba kabla ya kumpakulia.

Kwa hiyo nimemjibu Holo: nitathibitisha mimi, na Masanja atathibitisha kwa mwili wake. Kwa uongozi wa kitongoji chetu na serikali ya kijiji nadai yafuatayo, kwa maandishi na kwa jina langu. Mkutano uitishwe katika uwanja ule ule, kwa filimbi ile ile. Mbele ya watu itangazwe kwamba Mama Holo hakuwa na kosa, na kwamba kuondoka kwake hakukuwa kutafuta maisha bali kufukuzwa. Eneo la kaya yake, pamoja na kaburi la mume wake, lirudishwe kwa watoto wake. Na aliyekuwa mtemi aondolewe katika kiti cha mbele kwa saa hiyo moja, aketi katikati, juu ya kigoda, ajibu swali aliloniuliza mimi nikiwa msichana. Walinzi waliokosea kaya ndani ya mwili wa Masanja, hadi leo hakuna ajuaye nani aliwatuma. Waliokwenda kwenye kaya ya Mama Holo walitumwa na mtu, na mtu huyo yupo. Ninadai asimame aseme: ni mimi.